Mwalimu Fallah Tengbeh wa Bolodu, Shahidi Aliyesema Kweli

Mwalimu Fallah Tengbeh hakuwahi kuitwa mbele ya wazee kwa kosa la uongo. Familia inaanza na neno hili kwa sababu mjini kuna maneno mengine.

Alizaliwa Bolodu, wilaya ya Foya, kaunti ya Lofa, tarehe 14 Aprili 1956, mtoto wa nne wa kiume wa Mzee Tengbeh na Mama Tewa. Alisoma shule ya misheni ya Foya, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1979.

Alirudi Bolodu kufundisha hesabu. Siku moja aligundua amempa mwanafunzi alama asiyostahili, akaenda kwao kwa miguu akinyeshewa.

"Mwalimu, alama moja tu ndiyo imekutoa nyumbani na mvua hii?" mama wa mtoto alimcheka.

"Si yake, mama."

Alikula wali na kisamvu chao, na alama akaondoka nayo.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Finda Korfeh, mwalimu mwenzake. Mungu aliwajalia mabinti watatu.

Mwaka 1993 waasi waliingia Bolodu. Watu walifungiwa shuleni, shule ikachomwa. Fayia, kaka wa Mwalimu Fallah, alikuwa ndani. Mwalimu Fallah alimwona kamanda aliyetoa amri. Familia ilikimbilia Guinea, ikarudi mwaka 2005.

Kwetu hakukuwa na mahakama ya kumshtaki yule kamanda. Alipokamatwa Ulaya, wanasheria wa haki za binadamu wa huko walikuja Bolodu kutafuta mashahidi. Novemba 2019 marehemu alisafiri kwenda kutoa ushahidi pamoja na mashahidi wenzake wawili, Mzee Saah na Mama Kumba. Walikatazwa kuzungumza na watu juu ya kesi. Hawakudhani kwamba wao kwa wao nao ni hao watu waliokatazwa. Hotelini waliinamishiana vichwa kushauriana, kama sisi Wakissi wote wenye adabu tufanyavyo kabla ya kumpelekea mkubwa shauri, wakakumbushana nani aliangukia wapi, ili asisahauliwe mtu.

Wakili wa kamanda alimuuliza mahakamani kama walizungumza.

"Ndiyo, bwana," marehemu alijibu, kichwa juu. "Mtu mzima haendi kwa mkubwa na neno lake peke yake."

Hukumu ilisema ushahidi ulipangwa. Kamanda aliachiwa, akarudi Lofa. Wale wanasheria walipiga simu mara moja kutoa pole, kisha wakanyamaza. Sokoni Foya vijana walimpigia marehemu kelele: "Mzee wa Ulaya! Maiti zetu umeziuza bei gani?" Hakununua tena chochote katika soko lile.

Machi 2022 presha ilimwangusha, upande wa kushoto ukapooza. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, alfajiri. Wiki ile alimuuliza mkewe, "Mama Sia, nilidanganya?"

"Hukudanganya, Baba Sia."

"Basi mbona ametoka?"



Kamanda ametuma mbuzi na gunia la mchele kwa ajili ya msiba huu. Familia imevirudisha, na inaomba asiletwe mtu kuipatanisha naye mbele ya kaburi.

Marehemu ameacha mjane, Finda; mabinti Sia, Kumba na Tewa; wajukuu saba; na Mama Kumba, shahidi pekee aliyebaki baada ya Mzee Saah naye kutangulia, ambaye amesema hatazungumza tena na mgeni yeyote.

Haki aliifuata mbali, hakuipata. Amani asinyimwe. Apumzike nayo.