Dakika tano mbele ya juri

Siku hiyo tulikuwa watu watano kwenye benchi letu la Majengo, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Munigi. Muzee Cyprien, tunayemwita Rapport, yaani Ripoti, kwa sababu alikuwa katibu wa bloki katika kambi ya wakimbizi tulikokaa, na mpaka leo hasemi kitu bila kukipa namba. Ntirenganya, dereva wa moto, yaani pikipiki, ambaye jina lake hapa ni Sans-Frein, Bila Breki. Gisèle, anayeuza unité, vocha za simu, chini ya mwavuli wa njano. Bénita, mwanafunzi wa video. Na mimi, Mama Igiraneza, na termosi yangu ya kahawa. Mutoto alikuwa mgongoni, lakini simuhesabu, alikuwa amelala. Benchi lenyewe ni ubao juu ya mawe mawili ya volkano, na Rapport hukaa kila siku upande wenye musumari ili mwingine asikae hapo. Hajawahi kulisema. Nimeliona tu.

Bénita alikuwa na shida moja. Saa nne asubuhi hiyo alipaswa kusimama mbele ya juri ya shule yao, dakika tano tu, aeleze filamu fupi anayotaka kutengeneza. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, kamera zilikuwa tatu. Asiyechaguliwa angekaa mwaka mzima bila kushika kamera. Basi akaja kwanza kujaribu maneno yake kwetu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

— Ni jambo la kweli, akasema. Siku tulifika kambini Kanyaruchinya na mama, mvua ilikuwa inapiga, hatukuwa na kitu. Mama mumoja akang'oa miti ya hema yake mwenyewe, akavuta bâche, ile plastiki nyeupe, mpaka ikatufunika na sisi. Tulikaa chini yake siku mbili. Filamu ni hiyo tu. Mikono yake, bâche, mvua. Dakika saba.

Rapport akaweka kikombe chini.

— Na objectif? Lengo liko wapi?

— Objectif ya nini, muzee?

— Mutoto wangu, unaenda mbele ya juri bila objectif? Objectif général moja, spécifiques tatu. Halafu huyu mama ni mumoja. Mutu mumoja hapitishwi. Andika ménages, familia, mia mbili.

— Chini ya bâche moja? nikauliza.

— Mama Igi, weye mimina kahawa.

Nikamimina. Kikombe cha kwanza Rapport alikisukuma kwa Bénita, kwa sababu aliona hajala kitu. Halafu akaendelea kumuharibia kazi.

Gisèle akatoa kichwa chini ya mwavuli.

— Na mutoto mwenye kulia iko wapi? Bila mutoto mwenye kulia, wageni wenye kutoa misaada wanazima video.

— Juri si wageni, yaya Gisèle. Ni walimu wetu.

— Na walimu walifundishwa na nani? Sikiliza, mudogo wangu. Kambini, siku ya kwanza photographe alikuja, mutoto wangu nilimuvalisha robe, gauni ya Noeli, na mafuta kichwani. Akatupita sawa vile anapita ukuta. Siku ya pili nikamuvalisha gunia. Picha makumi ine! Njo nilijua kazi ya kamera.

Tulicheka sote. Mimi pia nilicheka, na mimi ndiye niliyeshika mkasi siku tulipokata lile gunia.

— Mambo ya kulia inachosha, akasema Sans-Frein. Watu wanapenda mbio. Bon, mama anapanda moto. Nyuma yake volkano inapasuka. Lave inashuka, miye naendesha, mama ananishika hapa kwenye mbavu...

— Alikuwa amesimama chini ya mvua, akasema Bénita. Hakuenda fasi yoyote.

— Njo vizuri! Mvua inazima lave. Unaona? Mwisho uko nao tayari.

— Na kolera? akauliza Rapport. Sijasikia kolera. Kambi bila kolera, watakuuliza kama ulifika kweli.

— Weka na gesi yenye iko chini ya ziwa, akasema Gisèle. Ilipuke kidogo tu, upande wa nyuma.

— Dakika saba, akasema Bénita kwa sauti ndogo.

— Volkano dakika mbili, akahesabu Rapport kwa vidole. Kolera mbili. Gesi moja. Mbili za kufunga atelier, ule mkutano wa mafunzo: banderole ukutani, tisheti, liste ya waliohudhuria. Ile mvua unaweza kuisema kwa mudomo.

Kisha wakagawana nafasi za kuigiza ndani ya filamu. Sans-Frein akajipa nafasi ya koloneli mwokozi, na moto yake. Gisèle akawa vulnérable, mnyonge namba moja, kwa sharti kwamba nywele zake zisiguswe, amezisuka juzi tu. Rapport alichagua kuwa maiti.

— Muzee, maiti ni kulala tu, nikamwambia.

— Nalala. Lakini kwa kufunga atelier nasema neno.

— Maiti anasema?

— Nani mwingine atashukuru partenaires, wenye kutoa pesa?

Nilitaka kucheka tena, lakini nikaangalia karatasi ya Bénita. Kalamu yake ilikuwa inatembea. Pale alipoandika "mama mumoja" alikuwa amechora mustari, juu yake akaandika "bénéficiaire", mwenye kupokea misaada. "Mikono" ilikuwa imefutwa. Walikuwa wanampenda, hawa watu. Sans-Frein alikuwa amekwisha kusema atamupeleka shuleni bure, na alikuwa anapanguza kiti cha moto kwa mukono wa koti lake ili asichafue sketi yake. Lakini karatasi ilikuwa inafanana sasa na zile fomu tulizokuwa tunajaza kule kambini, na ningeweza kuisoma nikiwa nimefunga macho.

Saa tatu na nusu akapita mama mumoja kutoka Kibumba, gunia la kabichi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Gisèle akaruka kumusaidia kulitua. Alisema anaitwa Uwamariya, akaomba kahawa. Rapport akamupatia nafasi katikati ya ubao.

— Sasa soma yote, Rapport akamwambia Bénita. Kama uko mbele ya juri.

Bénita akasimama, akasoma. Bénéficiaire, mjane, déplacée aliyekimbia kwao, vulnérable, anaokolewa kwa moto wakati wa éruption ya volkano, anapata kolera, anapona, anapokea tisheti. Alisoma vizuri, bila kukwama. Sans-Frein akapiga makofi.

Uwamariya alikuwa anasikiliza, kikombe ndani ya mikono yote miwili.

— Ni mutu wa kweli, huyu mama?

— Ndiyo, mama, akasema Bénita. Alitufunika.

— Anaitwa nani?

Rapport akafungua mudomo kwanza.

— Iko na namba. Kila ménage ilikuwa na namba.

— Namba gani?

Gisèle akasema majina yanakuja kwa annexe, zile karatasi za nyuma, lakini alilisema akiangalia barabara. Bénita alibaki amesimama na karatasi.

— Siku mbili, akasema. Alinipatia hata kiazi. Mama yangu alikuwa anamwita dada, dada. Hatukumuuliza.

— Eh, akasema Uwamariya. Hakusema kwa ubaya.

Mimi nilikaa miezi mingi kule kambini. Nikafikiri ni wangapi walinishikia Igiraneza nikienda kuchota maji, nikatafuta majina yao, nikapata mawili.

Sans-Frein akawasha moto. Bénita alipanda nyuma, na ile karatasi akaiacha juu ya ubao. Rapport akaichukua, akaisoma polepole toka juu mpaka chini, halafu akaikunja ndogo na kuitia mfukoni. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Hakuomba nyingine.

Mbele ya juri Bénita alieleza mikono, bâche na mvua tu. Juri ilichagua watatu, yeye akiwa wa tatu. Walimpatia kamera siku mbili, Jumamosi na Jumapili, bila micro ya kunasa sauti.