Mwalimu Betty Taaka, Aliyesikia Kilichomshinda Salome

Marehemu Betty Taaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 mjini Busia, Uganda, mtoto wa pili wa Mzee Yekoniya Wandera.

Alisoma Busia, akamaliza sekondari mwaka 1991, na mwaka 1994 akahitimu ualimu huko Tororo. Kwa miaka kumi na moja alifundisha darasa la kwanza, watoto tisini chumba kimoja, na kabla ya Pasaka alishajua nani mvivu, nani hasikii vizuri, na nani maneno yanamkatalia. Tunalitaja hili kwa sababu kuna bwana mmoja aliyedhani Betty ni wa kupiga deki tu.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Cyrus Ouma, wakajaliwa binti mmoja, Desire. Cyrus alifariki mwaka 2004. Februari 2006 Betty alikuja Dubai kuwa yaya wa familia kutoka Kolombia, na Kihispania akajifunzia jikoni kwao. Ualimu haukumtoka. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, baada ya ibada, aliyesema "kitabu yangu" mbele yake pale mtaani Satwa alijuta. "Kitabu yangu? Hata kitabu chenyewe kinakuonea aibu!"

Salome, binti wa nyumba ile, alipofika miaka saba mwaka 2014, Betty aligundua jambo. Mtoto alikuwa mwerevu, lakini alipoulizwa mwanasesere yuko wapi alijibu, "Puse en cama." Alikusudia kusema amemweka kitandani, ila alikiacha kijineno "la" kinachoonyesha nani kawekwa, na kingine kama hicho kabla ya kitanda. Ni kama mtoto wetu aseme "nimeweka" kila anapotaka kusema "nimemweka". Kaka yake alivitamka vyote akiwa na miaka mitatu.

Madam, mama yake Salome, alimpeleka mtoto kwenye kituo kimoja cha kupima usemi wa watoto huko Al Jaddaf. Mtaalamu wa pale, mwenye vyeti ukuta mzima na asiyejua neno moja la Kihispania, alimpima kwa Kiingereza dakika ishirini. Kisha akamwelekezea Betty kalamu.

"Yaya ndiye anayemchanganya. Lugha nyingi mno. Kihispania nacho mkiache, Kiingereza tu."

"Sir," Betty akasema, "kinachomsumbua kiko kwenye Kihispania, na hicho hujakipima."

"Madam, msaidizi wako asubiri nje."

Betty akahamishiwa kufua na kupiga pasi, akakatazwa kuzungumza na mtoto. Miezi mitano Salome alizidi kunyamaza, kwani sasa hata mama yake alimsemesha kwa Kiingereza cha kuunga-unga. Betty, kwenye pasi yake, alisikiliza na kuandika. Sentensi sitini na nne ambazo mtoto bado alimwambia kaka yake kwa Kihispania, na kando ya kila moja, vijineno vilivyokosekana. Machi 2015 aliliweka daftari mezani, wakati wa chai ya asubuhi.

Madam alilisoma lote. Wiki hiyo hiyo akamtafuta kwa Skype mtaalamu wa lugha za watoto wa Bogota, huko kwao Kolombia. Mtaalamu huyo alimpima Salome kwa Kihispania, siku tatu. Akasema mtoto ana ulemavu wa lugha, si uvivu wala wingi wa lugha. Kwamba kwa Kihispania mara nyingi hujionyesha kwenye vijineno hivyo hivyo. Na kwamba mama azungumze naye Kihispania tena, tena sana.

"Sentensi hizi nani aliziandika?" mtaalamu akauliza kwenye Skype.

"Tuliandika sisi hapa nyumbani," madam akajibu.

Betty alikuwa amesimama na sinia. "Las escribí yo," akasema. Niliziandika mimi.

Salome alifundishwa, akaanza tena kusimulia mambo, ingawa vijineno vingine viliendelea kumponyoka. Bwana wa Al Jaddaf hakuomba radhi. Tunasikia bado anapima watoto.

Saratani ya titi iligunduliwa Januari 2018. Betty alifariki hospitalini Dubai tarehe 9 Novemba 2018, Desire, aliyekuwa amesafiri kutoka Uganda, akiwa amemshika mkono.

Ameacha baba, binti yake Desire, na kaka yake Francis. Madam ameomba humu tumwite "msaidizi wetu mpendwa". Familia imekataa. Alikuwa mwalimu. Mungu ampe pumziko ambalo nyumba ile haikumpa.