Bao la Sabri na Kipa wa Sofia

Kibanda cha kahawa cha Zhivka kinatazamana na geti la uwanja wa Dolni Yasen, mji mdogo wa milimani Bulgaria, na mbele yake kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja uliowekewa tofali. Benchi hilo lina wenyewe. Upande wa geti hukaa Valko, ambaye mji mzima unamwita Redio, maana ndiye aliyekuwa akitangaza mechi kwenye vipaza sauti vya uwanja. Vipaza sauti viliibiwa, yeye hakunyamaza. Katikati hukaa Stamena, aliyefua na kunyoosha jezi za klabu tangu enzi za kiwanda cha tumbaku. Huyo ni Pasi. Mwisho kabisa, panapopata jua, hukaa Dimo, winga wa zamani na mpiga kona wa timu, basi naye akabaki Kona. Jumamosi ile Kona alikuwa benchini kabla Zhivka hajafungua, ndevu amenyoa, skafu ya kijani shingoni. Vigogo wa Sofia walikuwa wanakuja kwenye mechi ya kombe, na mara ya mwisho walipokanyaga uwanja ule, Kona alikuwa na nywele kichwani na alitoka amebebwa mabegani.

— Leo wanakula nyingine, alisema Redio, akitema ganda la mbegu ya alizeti. Wale hawajui hata tulipo.

— Kujua watajuaje? Basi la mashabiki wao limenipita mara mbili likitafuta uwanja, alisema Pasi. Wanauliza watu njia ya kwenda kwa Tumbaku. Nikawaambia Tumbaku walishakufa, hapa ni Orel.

— Klabu hii imebatizwa mara nyingi kuliko ukoo mzima wa kasisi, alisema Redio. Tulizaliwa Orel, yaani Tai. Wakubwa wakaja wakasema tai ni ndege wa kibwanyenye, tukaitwa Udarnik, yaani Mchapakazi. Udarnik hakufunga hata goli la kuotea, tukaitwa Spartak. Kiwanda kikatupa mipira na basi, tukaitwa Tumbaku. Kiwanda kikafa, tukarudi kuwa Orel.

— Unanisimulia mimi? Majina mawili alishona mama yangu, yaliyobaki nimeyashona mimi, na kuyafumua nimeyafumua mimi. Ile siku ya ukungu tulipowafunga Sofia tulikuwa Tumbaku. Herufi zile zilinimaliza macho.

Ikishatajwa siku ya ukungu, benchi lile halina breki. Kona alijua, na akawahi.

— Lile goli ni langu, alisema. Nilipiga kona, mpira ukapinda, ukaingia. Sabri, namba kumi na moja wetu, alikuwa anapita tu.

— Anapita kwenda wapi, sokoni? alisema Redio. Kaka, sisi hatukatai kwamba ulipiga kona. Lakini mpira ulimgusa Sabri.

— Ulimgusa mgongoni, alisema Pasi, na sababu ni mimi. Jezi namba kumi na moja niliitia wanga mwingi kupita kiasi. Ilikuwa inasimama yenyewe kama mlango. Mpira ukaja, ukagonga pale, ukaruka kama umegonga ubao. Kwa hiyo nusu ya goli ni ya ofisi ya kufulia.

— Dada, usitufunge kamba mchana kweupe, alisema Redio. Lile goli lilifungwa na treni.

Zhivka alisogeza kikombe ndani ya dirisha la kibanda ili asikie vizuri. Kona alifumba macho, maana hadithi ya treni ilikuwa inaongezeka behewa moja kila mwaka.

— Reli ilipita nyuma ya goli, si mnakumbuka? alisema Redio. Dereva wa treni, Gatyo, alikuwa wetu damu damu. Alipoona kona inawekwa, akasimamisha treni pale pale, na abiria ndani, na madumu ya maziwa ndani. Mpira ulipopigwa, akavuta king'ora. Mabeki wa Sofia wakadhani ni filimbi ya refa. Wakasimama. Mmoja akaanza kuvua soksi.

— Kwenye ukungu ule ulimwona nani akivua soksi? aliuliza Kona. Mimi nilikuwa uwanjani na sikuiona miguu yangu mwenyewe.

— Mtangazaji haoni kwa macho, bwana. Na nyie mnaita ule ukungu. Ule ulikuwa moshi. Kiwandani walichoma tumbaku mbovu makusudi, upepo ukaleta. Kuku wa mtaa wa chini walikohoa wiki nzima.

— Kumbe ndiyo maana kipa wao hakudaka, alisema Pasi. Alishalewa moshi.

— Kipa wao hakulewa, ilisema sauti nyuma yao.

Waligeuka. Alikuwa mzee mrefu, koti jeusi, amesimama kwenye dirisha la Zhivka na kikombe cha kahawa mkononi. Skafu yake ilikuwa ya rangi za Sofia. Redio alikuwa tayari na maneno ya kumpokea, lakini Kona aliona vile vidole vilivyoshika kikombe. Viwili vilikuwa vimepinda, havikukunjika pamoja na wenzake.

— Lyuben Tachev, kipa wa siku ile, alisema Kona polepole.

— Mwenyewe. Nimeshuka na basi la mashabiki. Naweza kukaa?

Katika maisha ya benchi lile hakuna mtu wa Sofia aliyewahi kuombwa akae. Pasi alisogea. Redio naye alisogea, akalisukumia mbali lile gazeti lake lililokuwa limeshika nafasi.

— Sema basi, bwana Tachev, alisema Redio, na ilibidi ajizuie asimshike mkono. Mungu amekuleta. Kilikuwa kichwa, mgongo, au treni?

— Mimi niliona viatu tu, alisema Lyuben. Viatu viwili vikitoka ukunguni. Halafu nikaanguka juu ya nguzo, na kitu cha kwanza nilichosikia ni mkono wangu.

Alinyanyua vile vidole wavione.

— Mechi ilipoisha, wenzangu walikuwa wanatukanana na refa. Daktari wetu alikuwa amebaki hotelini na homa. Nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia cha wageni, mkono umevimba, akaingia yule kijana wenu namba kumi na moja. Bado ana tope mpaka masikioni. Akaangalia mkono, akavua kamba ya kiatu chake, akanifunga vidole kwenye kijiti. Kisha akanipakia kwenye pikipiki ya baba yake, ile yenye kibehewa pembeni, tukaenda hospitali mji wa pili. Njia nzima milimani, ukungu vile vile. Alikaa na mimi hadi plasta ilipokauka. Nikamwambia, wewe umefunga leo, huko kwenu si wanakunywa? Akasema watakunywa tu, hata nisipokuwepo.

Kwa miaka yote Redio alikuwa akieleza kwamba Sabri alitoroka sherehe kwa ajili ya binti wa mwokaji. Walimtafuta na akodioni mitaani, hawakumpata, wakambeba Kona. Kona aliona masikio yake yakipata moto. Alikuwa anakumbuka vizuri sana uzito wa mikono ya watu chini ya mapaja yake, na jinsi alivyoomba kimoyomoyo Sabri asitokee haraka.

— Mimi nilikwenda nikacheza miaka mingine saba, alisema Lyuben, kwa sababu vile vidole vilifungwa mapema. Daktari aliniambia hivyo. Basi nilipostaafu nikapiga simu klabuni kwenu, nimwalike Sabri Sofia. Mtu aliyepokea akaniambia hapa hajawahi kuwepo Sabri yeyote.

— Mwaka gani huo? aliuliza Pasi.

Lyuben akamtajia. Pasi akashusha kikombe chake juu ya mapaja.

— Mwaka ule hakuwa Sabri, alisema. Serikali ilikuwa imewabadilisha majina Waturuki wote wa nchi hii, ikawapa ya Kibulgaria. Yeye walimwandika Simeon. Jezi zenyewe niliambiwa nizifumue, maana tulikuwa tumeanza kushona majina mgongoni. Mimi nikafumua.

— Na mimi nikatangaza Simeon, alisema Redio kwa sauti ndogo, isiyofika hata getini. Mechi ya kwanza nilipotangaza, hakugeuka. Alidhani kuna mchezaji mpya.

— Halafu? aliuliza Lyuben.

— Halafu mpaka wa Uturuki ukafunguliwa, alisema Kona. Kiangazi kile. Yeye na watu wake waliondoka na gari lao, magodoro juu ya paa, friji imefungwa nyuma kwa kamba. Nilisimama pale kwenye daraja nikawapungia.

— Na sasa hivi yuko wapi? Mzima?

Watatu wale walijua upepo wa siku ile ulitoka upande gani, walijua dereva wa treni alivaa kofia gani, lakini hilo hawakulijua. Nyuma yao geti lilifunguliwa, na watu walioanza kujipanga wakasukumana kuingia. Ngoma za mashabiki wa Sofia zilikuwa zinasikika kutoka maegesho.

— Kuna binamu yake, alisema Kona. Feride. Ana duka la mikate mtaa wa juu. Kila siku nanunua mkate kwake.

— Na hujawahi kumuuliza? alisema Pasi.

— Na wewe unanunua hapo hapo.

Redio aliangalia geti, akaangalia mlima. Mechi ilikuwa imebakiza muda mfupi tu kuanza, na mtaa wa juu uko ng'ambo ya daraja, ngazi tupu mpaka msikitini.

— Tukienda tunakosa mwanzo, alisema. Nimeisubiri mechi hii tangu nina meno.

— Baki, alisema Kona, akainuka. Bwana Tachev, miguu yako inapanda?

— Miguu haijawahi kuvunjika.

Walipofika darajani walisikia mtu anahema nyuma yao. Alikuwa Redio, na mfuko wake wa alizeti, anamlaumu Pasi kwa kumwacha peke yake benchini kama mwanamkiwa. Pasi alikuwa mbele yao wote, anapanda ngazi kwa hasira kana kwamba kila moja ni jezi ya kunyoosha. Kona alimshika Lyuben kiwiko. Alijisikia kama zamani, akiwa anauweka mpira kwenye kibendera na watu wote wamenyamaza.

Feride alikuwa anafagia unga mlangoni. Aliwatazama wote wanne, wekundu, hawana pumzi.

— Mikate imeisha, alisema. Watu wote wameenda mpirani. Nyie je?

— Dada Feride, alisema Kona. Tumekuja kumuulizia Sabri.

Feride aliuegemeza ufagio ukutani.

— Leo? Baada ya miaka yote hii, leo ndiyo mmemkumbuka?

— Leo, alisema Kona. Hatuna cha kujitetea. Huyu bwana ni yule kipa wa Sofia. Ametuuliza kama yuko mzima, tukakosa la kumwambia.

Feride alimkagua Lyuben, akavikagua vile vidole, akaonekana kuvitambua kama mtu aliyewahi kusimuliwa habari zake mezani. Hakusema kitu tena. Alitoa simu mfukoni mwa aproni, akaifuta unga, akapiga, akaiweka juu ya kaunta, sauti wazi. Iliita sana. Kisha mtu akaitikia kwa Kituruki kutoka Bursa, huko Uturuki, nyuma yake vyombo vinagongana.

— Sabri, sema Kibulgaria, alisema Feride. Una wageni.

Kona alitaka kuanza yeye, kisha akampisha kipa. Lyuben akainama juu ya kaunta.

— Habari za siku, alisema. Mimi ni kipa. Wa ile siku ya ukungu.

Vyombo vilinyamaza.

— Vidole vimepona? aliuliza Sabri.

Lafudhi yake ilikuwa ya Dolni Yasen tupu, ile ya zamani ambayo vijana wa mji walishaiacha. Pasi alifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Lyuben alicheka, akasema vimepona vibaya lakini vilidaka, akajaribu kueleza habari ya simu ya klabuni, Sabri akamkatiza, akasema achana nayo hiyo, niambie kwanza uko kwetu unafanya nini. Hapo Kona akaingilia.

— Sabri, ni mimi, Dimo. Tuna mechi leo na Sofia. Ya kombe. Jina letu ni Orel siku hizi.

— Dimo. Bado unapiga kona mbovu?

— Mbovu zaidi, alisema Kona, na machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Wewe unaitwaje huko sasa?

— Sabri. Unataka niitwe nani?

Wote walianza kusema kwa pamoja. Redio alikuwa anatangaza kama vile ana kipaza sauti, Pasi anauliza watoto wangapi, wajukuu wangapi, nani anamfulia. Sabri anajibu hili, anacheka lile, anamwambia mkewe azime jiko. Na katikati ya kelele hizo, kutoka bondeni, uwanja uliunguruma. Mlio ulipanda juu ya mapaa, ukagonga madirisha ya duka, ukatetemesha trei tupu za mikate, ukakaa hewani bila kushuka.

— Nimesikia, alisema Sabri. Goli hilo. Nani kafunga?

Redio alikimbilia mlangoni, akachungulia bondeni, akaona mapaa na miti tu.

— Nyie, nani kafunga? alirudia Sabri kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwishasimama.

Hakuna aliyejua. Kona alinyakua simu kutoka kwenye kaunta, Feride akaacha duka wazi, na wote watano wakaanza kushuka zile ngazi, Lyuben ameshika bega la Redio, Redio ameshika skafu ya Lyuben, na Sabri mkononi mwa Kona anawahimiza kwa kelele waongeze mwendo.