Mama Rosalie Mbuyu, Aliyewamwagia Samaki wa Karamu Mafuta ya Taa

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya Kalemie, Mama Rosalie Mbuyu anastaafu tarehe 30 Juni. Uongozi unamshukuru kwa uvumilivu wake, na una haki: wao ndio waliompa mambo ya kuvumilia.

Mama Rosalie ni mkemia. Hutengeneza rangi zinazowaka zikikutana na kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Iliyompa sifa ni ile inayotafuta histamini, sumu inayozaliwa ndani ya samaki aliyekaa juani. Tone moja katika maji ya samaki, taa ya zambarau juu yake: samaki mzuri hubaki giza, mbaya hung'aa kijani. Kwa uvumbuzi huo alitunukiwa chumba kilichokuwa stoo ya matairi, na umeme kila ulipotukumbuka.

Heshima kubwa zaidi ilimfikia mwaka juzi, wageni wa Kinshasa walipokuja kutukagua. Mikebuka, samaki wa karamu, ilitoka Zongwe kwa boti iliyozimika injini njiani, ikashinda juani. Mama Rosalie akaipima, ikang'aa kijani. Papa Ulrich, direkta wetu wa wakati ule na msomi wa utawala, alimfundisha mkemia kwamba mafuta ya moto huua kila kitu. Mama akamjibu kwamba histamini haifi kwa kukaangwa. Alipoona hasikilizwi, aliingia jikoni akamwagia mabeseni yote ya samaki mafuta ya taa. Wageni wakala ugali wa bukari na mboga ya sombe. Yeye akasimamishwa kazi kabla sahani hazijaoshwa.

Kumbe beseni moja, la samaki wanono, lilikuwa limefichwa kwa ajili ya meza ya direkta. Papa Ulrich alianza kujikuna katikati ya hotuba yake juu ya ubora, uso mwekundu kama mawese. Mgeni mmoja aliyekula meza hiyo, Mama Clémentine, akawa anakosa pumzi. Gari lililompeleka Mama Rosalie nyumbani likatumwa mbio kumrudisha.

Hakucheka, ingawa tulimpa kila sababu.

"Nani mwingine alikula?" aliuliza. "Museme sasa, aibu tutaiona kesho."

Mikono ikainuka, hata ya waliokuwa wamesifu sombe. Daktari aliyeitwa akajua anatibu nini, na Mama Rosalie akamshika mkono Mama Clémentine mpaka pumzi ikarudi. Ripoti ya wageni ilisifu umakini wa uongozi. Papa Ulrich akapandishwa cheo. Mama Rosalie akaruhusiwa kuendelea na kazi, bila hata kuomba msamaha!

Siku hizi wauza samaki wa bandarini, waliomwita mchawi, humletea samaki wao kabla ya kuuza.

Kwa kuagwa aliomba jambo moja: Gracia, fundi aliyefundishwa naye na anayefanya kazi miaka mingi bila mkataba, aajiriwe. Uongozi ulipendelea kumpa Mama saa ya ukutani. Basi sisi wenzake tulikaa mlangoni pa biro, ofisi ya direkta mpya, naye hakutoka mpaka aliposaini. Gracia anaanza Jumatatu.

Asante, Mama Rosalie. Nenda Moba kwa dada yako, mule vizuri, mucheke. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, na asubuhi za kulala hadi jua liwe juu. Kazi sasa ina mwenyewe, naye ni Gracia.