Maua ya Pei Runtian Yaliyokataa Kuoza

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa tambi zenu, mniazime masikio. Leo tunamkumbuka Pei Runtian, mzee wa maua ya makaburini, wa hapa hapa Yuncheng kwenye ziwa letu la chumvi. Ametutoka wiki iliyopita. Madaktari wamesema ni moyo. Mimi pia nasema ni moyo, ila si kwa maana yao.

Yote yalianza na mkewe, Lanzhi. Kila mwaka, siku ya kufagia makaburi ya wazee wetu, Lanzhi alirudi kutoka kilimani kwenye makaburi amenuna. Maua ya plastiki ya miaka iliyopita yametapakaa huko kama manyoya ya kuku. Alipougua alimwambia mumewe: "Baba Suqin, nikifa ukaniletea takataka zile, nitakuja usiku nikuvute miguu."

Runtian akaapa. Alikuwa fundi wa siki, mambo ya kuchachusha anayajua. Watu wa chuo wakamwonyesha kufuga vijidudu wa ziwani, wale wanaopenda chumvi. Unawatia kwenye tangi la maji ya chumvi, unawalisha wanga wa mahindi, wananona kama nguruwe wa mwaka mpya. Mafuta yao ndiyo plastiki. Ukiwamwagia maji ya kisima yasiyo na chumvi, wanapasuka, nawe unachota. Na plastiki hiyo udongo unaila. Narudia: udongo unaila.

Lanzhi alipozikwa, Runtian alichomeka kaburini maua ya plastiki hiyo. Mwaka uliofuata hakukuta hata petali. "Baba alicheka peke yake pale kilimani," anasema binti yake, Suqin. "Nilidhani amechanganyikiwa."

Kiwanda cha maua hayo alikifungua na Jing Baocheng, ndugu yake wa kiapo. Walikunywa kikombe kimoja. Kila boksi lilibandikwa picha ya Runtian. Magoti yalipomchosha, akamwachia Baocheng matangi.

Mwaka jana, siku ya kufagia, akakuta maua aliyomwekea Lanzhi mwaka mmoja nyuma. Bado mazima, mekundu kama kishungi cha jogoo!

Akaenda moja kwa moja kiwandani. Matangi makavu, chumvi imeganda chini. Pembeni, magunia ya plastiki ya kawaida, ile isiyooza.

"Baocheng, umefanya nini?"

"Kaka, keti kwanza unywe chai."

"Nimekuuliza."

"Vijidudu wako wanakula kuliko shemeji zangu! Na maua ni ya wafu, kaka. Umewahi kusikia maiti akilalamika?"

"Wangu alilalamika mapema. Na boksi lina sura yangu."

"Ndiyo maana yanauzika."

Tangu siku hiyo mzee akawa anapanda kilimani kung'oa maua ya kiwanda kile kwenye makaburi ya watu. "We mzee, huna haya? Unawaibia marehemu!" mama mmoja alimfokea. Akajibu: "Nitukane tu, mama. Sura ya kwenye boksi ni yangu."

Mazishini Baocheng alileta shada kubwa, akalia kuwashinda waliaji wa kukodi. Suqin akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, baba mdogo. Haya ni yale ya baba, yanayoliwa na udongo?"

"Ya kwake mwenyewe, mwanangu!"

Suqin akachukua jembe. Akalizika shada kando ya kaburi, mbele ya watu wote.

"Basi siku ya kufagia uje, baba mdogo. Tufukue pamoja."

Kilio cha Baocheng kikakatika palepale.

Suqin, na ukoo wote wa Pei, poleni sana. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: tunachowachomekea wapendwa wetu ni ahadi, au ni rangi tu?

Mimi siku ya kufagia nitakuwa kilimani. Jembe ninalo.