Kitambaa Nyuma ya Kifungo

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu wa Oli hapa Arua, nanyi mliotoka mbali Midia! Mimi ni Suzana, fundi cherehani. Wengi wenu mlizaliwa baada ya miaka ile ya sabini, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Ah, Oli ya wakati ule! Mama yangu, mtu wa Aru ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliweka cherehani barazani, nami nilishona vifungo. Madereva wa malori ya Vurra, pale mpakani, walituletea makoti mazito, yamechanika palepale penye vifungo. Mama alinifundisha kuweka kipande cha kitambaa nyuma ya kila kifungo ili uzi usikate nguo. "Mutu atavuta tu," alisema. "Weka kitambaa." Nikisahau, alifumua bila huruma, huku akiimba. Natamani niusikie tena wimbo ule.

Lakini nilikuwa mgonjwa, ndugu zangu. Homa ya viungo ya utotoni iliharibu vali ya moyo wangu, ule mlango mdogo unaopitisha damu. Nikawa nahema hata nikiwa nimekaa. Miguu ikavimba. Soko la Koboko mama akaliendea peke yake. Kanisa likaomba, na wamisionari wakanipeleka Nairobi.

Daktari wa upasuaji akasema atatoa vali ile na kunishonea nyingine ya chuma. Nikakataa. Nimeona uzi ukikata koti la turubai, sembuse nyama! Nikamwambia, "Daktari, hii uzi itakata moyo yangu. Mimi iko fundi, najua."

Hakunicheka. Alieleza kwamba nyuzi hupitishwa kwanza kuzunguka tundu lote, zikaachwa ndefu, kisha zikapitishwa kwenye ukingo wa vali mpya. Ndipo vali huteremshwa juu ya nyuzi hizo mpaka ikae mahali pake, na mafundo hufungwa moja moja. Nikamwuliza tena habari ya kukata.

"Chini ya kila mshono," akasema, "tunaweka kipande kidogo cha kitambaa."

Ndugu zangu, nililia. Bwana alikuwa amenitayarisha tangu kule barazani, nami sikujua. Nikamwambia, "Basi, shona."

Niliamka kifua kikiuma ajabu, nikiwa hai. Vali hii hulia, tik, tik. Niliporudi Arua, mama aliweka sikio mgongoni mwangu kila jioni, akasikiliza mpaka akasinzia. Amekwisha kutangulia, nami namkumbuka mno.

Asante, Bwana wangu! Nawe unayeogopa leo, mtumaini Bwana, hata kama amekuja na sindano mkononi. Tukinyamaza kuomba, sogea karibu yangu usikilize.