Siri ya Kibandani

Fundi cherehani alipanda basi akiwa hoi kwa foleni ya kupiga kura, akaegemea dirisha apate kusinzia. Usingizi ulimruka aliposikia mama wa kiti cha mbele, asiyeona, akimwambia abiria mwenzake: "Leo nimepiga kura kwa mkono wangu. Miaka yote kaka yangu ndiye aliyekuwa akinipigia."

Abiria huyo, kinyozi wa makamo, akaguna. "Umewezaje, mama?"

"Wamenipa jalada lenye nukta nundu, yale maandishi yetu ya kupapasa, karatasi ya kura imo ndani. Nimepapasa majina, nikamfikia mtu wangu, nikatia alama kwenye tundu lake. Kaka amebaki nje. Peke yangu mle kibandani, moyo unanidunda kama bibi harusi!"

"Na kama karatasi ilikaa upande? Utajuaje?"

"Sitajua. Kwani kaka alipokuwa akiandika nilijua?"

Kinyozi akakuna kidevu. Hoja haikumwingia. "Haya, umemchagua nani?"

"Hata kaka kaniuliza njia nzima. Nimemnyima, kanuna, kashuka kituo kilichopita bila kuaga. Sasa nikwambie wewe?"

Fundi cherehani, aliyeingia kibandani na kutoka kama mtu aliyetumwa chumvi dukani, aliliacha dirisha, akasogea mbele asikie zaidi.

"Lakini kaka ni damu yako, mama," kinyozi aling'ang'ania. "Ndugu anafichwa?"

Basi likasimama. Yule mama akainuka, akapapasa nguzo ya mlangoni, akashuka taratibu huku uso wote unacheka. Kinyozi alikuwa bado anangoja jibu.